Sanduku la bibi lililotoka Paris mpaka Mufindi: naomba msaada kufuatilia waliolimiliki zamani

Mjukuu wa Igowole

Kamwene wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Pasaka, na humu najua kuna watu wenye kumbukumbu na elimu kunizidi.

Kwa bibi yangu, Mufindi, upande wa Igowole, kuna sanduku kubwa ambalo sisi wajukuu wote tumezaliwa tukalikuta. Tulikuwa tunalikalia tukiota moto. Baridi ya Juni ikianza kuuma, mablanketi ya nyumba nzima yalitoka humo, yakinuka moshi na majani ya mkaratusi ambayo bibi huyaweka kufukuza nondo. Hakuna kati yetu aliyewahi kujua limetoka wapi. Bibi huliita "sanduku la Bwana Mrefu", basi.

Pasaka hii baba mdogo alikuja na dalali kutoka Dar. Yule bwana alilizunguka mara mbili, akapiga magoti, akamulika kufuli kwa simu, akatoa laki tatu na nusu mkononi. Baba mdogo alitaka kukubali kabla hata chai haijapoa. Kisha dalali akaweka sharti: kuna jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, tulifute kwanza, kwa sababu "linaharibu mali". Jina lile ni la Kihehe. Nikasema tusubiri. Kesho yake alipiga simu na kupandisha hadi milioni moja na laki mbili, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Mtu hapandishi bei mara tatu na zaidi kwa usiku mmoja kama kitu ni cha kawaida.

Nalieleza kama nilivyoliona kwa tochi. Urefu sentimita 111, upana 56, kimo 70. Kifuniko ni bapa. Limevikwa turubai la kahawia lenye maua na herufi L na V zilizopishana. Vibao vya mbao vinapita juu na pembeni, vimepigiliwa misumari ya shaba ya njano, na kila kichwa cha msumari kimechongwa jina la kampuni, kidogo sana, mpaka uinamishe macho. Chini ya kifuniko kuna karatasi: Louis Vuitton, Paris, 70 Champs-Élysées, London, 149 New Bond Street, na Nice. Kuna trei ya kuinua yenye mikanda. Ubavuni zipo herufi mbili zilizopakwa kwa ustadi, M. R., na chini yake mistari miwili, mwekundu na mweupe. Juu ya hizo ndipo lilipo lile jina letu, rangi ya mafuta, mkono wa mtu asiyekuwa na rula, herufi zinapanda kama njia ya mlimani.

Kulikuwa pia na karatasi ya meli. Imebaki nusu. Binamu yangu, kwa nia njema, aliisugua kwa petroli na ule waya wa sufuria kabla sijafika.

Babu amekwisha kufariki. Baba wadogo wanasema ni mali ya mirathi, liuzwe tugawane. Swali langu: inawezekana kujua lilikuwa la nani, na lilifikaje kwetu? Sitaki tuuze kitu tusichokijua.

Seremala wa Mashine Tatu

Mkuu, kabla ya mengine yote: mwambie binamu yako aache. Asisugue, asipake vanishi, asipake rangi ya viatu, asing'arishe shaba kwa majivu na ndimu. Nimefanya kazi ya mbao Iringa mjini miaka ishirini na sita, na vitu vingi vya zamani vinavyonifikia vimeharibiwa na usafi, si na mchwa.

Masanduku haya yana ukingo wa kahawia unaozunguka kona zote, wengi huudhani ngozi, si ngozi. Ni nyuzi za mimea zilizoshindiliwa kwa dawa mpaka zikawa ngumu. Ukiulowesha unavimba, ukikauka unapasuka. Turubai lenyewe ni la kitambaa kilichopakwa, siyo hili la plastiki la mikoba ya leo, lililoanza 1959. Petroli inayeyusha kile kilichopakwa.

Fanya hivi. Litoe jikoni, moshi umetosha. Liinue juu ya matofali au vipande vya mbao, lisiguse sakafu ya udongo. Lifungue siku kavu, kivulini, lipumue. Futa vumbi kwa brashi laini ya kunyolea. Ukungu mweupe ufute kwa kitambaa kikavu. Inatosha.

Na jina lisifutwe. Rangi ya mafuta ya miaka ile imeingia kwenye turubai. Atakayeitoa atatoka nayo na maua yake.

Msoma Nyaraka

Shikamoo kwa wakubwa waliomo. Mleta uzi, umefanya jambo la maana kunakili anwani, kwa sababu anwani ndiyo kalenda ya masanduku haya.

Louis Vuitton alizaliwa 1821 milimani, mkoa wa Jura, Ufaransa. Aliondoka kwao kijana mdogo, akatembea kwa miguu, akafika Paris 1837, akajifunza kazi kwa fundi wa kutengeneza masanduku na kufungasha nguo za matajiri. Duka lake alifungua 1854. Jambo lililomtoa ni dogo ukilisikia: masanduku ya wakati ule yalikuwa na kifuniko cha mgongo wa kobe ili maji ya mvua yateremke, na kwa hiyo hayapangiki moja juu ya jingine. Yeye akafanya kifuniko bapa na turubai lisilopitisha maji. Wakati wa meli na treni, sanduku linalopangika lilikuwa ukombozi. Hilo turubai lenye herufi L na V hakuliona, alifariki 1892. Mwanawe Georges ndiye aliyelileta 1896.

Sasa kalenda. Duka la 70 Champs-Élysées lilifunguliwa 1914 na kampuni ikahama hapo 1954. Kwa hiyo sanduku la bibi halikutengenezwa kabla ya 1914. Mjerumani wa kwanza wa boma la Iringa, enzi za vita na Mkwawa, halikuwa lake kabisa. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua kuna mtu atakuja hapa kusema ni la afisa aliyekuwa Lugalo 1891.

La pili ni kufuli. Kuanzia 1886 kampuni ilitumia kufuli zenye namba. Mteja alipewa namba yake, ikaandikwa kwenye daftari, na ufunguo mmoja uliweza kufungua masanduku yake yote hata kama alikuwa nayo kumi. Tazama kwenye kitasa utaiona. Pia kuna namba nyingine kwenye karatasi ya ndani. Tafadhali usiziweke humu. Wanaoghushi wanatafuta namba halisi usiku na mchana.

Swali langu kwako ni moja tu. Ufunguo mnao?

Dalali Mstaafu

Nimefanya biashara ya vitu vya kale Kariakoo na Zanzibar, nimeacha. Msiuze kwa haraka. Masanduku haya hupigwa mnada Ulaya kwa maelfu ya euro, kulingana na hali yake na historia yake. Historia ndiyo inayopandisha. Halafu jina la Mwafrika ubavuni hufutwa ili mnunuzi wa kule aambiwe lilikaa miaka yote kwenye nyumba ya mlowezi. Nimeona likifanyika, na mimi mwenyewe nimewahi kulifanya kwa kasha moja la shaba. Linaniuma mpaka leo.

Mama wa Mwanjelwa

Mwanangu, mimi ni wa Mbeya, sijui mambo ya Paris, lakini njia naijua kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa taniboi wa malori.

Reli kuja kwetu haikuwepo. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970. Kabla yake mzigo wa meli ulishuka Dar, ukapanda treni ya reli ya kati hadi Dodoma, halafu lori kuja Iringa, na kutoka Iringa kuja Mbeya. Masika magari yalikaa matopeni siku nne, tano. Ndege ilikuwepo, wasafiri wa Imperial Airways walikuwa wanatua Mbeya tangu 1932, ila ndege ya wakati ule haibebi sanduku kama hilo, ilikuwa inapima hata abiria. Kwa hiyo lako limekuja kwa bahari na kwa barabara.

Na kabla ya malori walikuwa wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Sanduku la sentimita 111 likijaa linahitaji mti na wanaume wanne. Tazama chini, kwenye kitako. Kama liliwahi kubebwa kwa mti na kamba utaona mikwaruzo mahali kamba ilipopita.

Kijana wa Ifunda

Kwetu Ifunda wazee husimulia kuhusu Wapolandi waliokaa kambini wakati wa vita, wengi wanawake na watoto. Inasemekana waliuza vitu vyao kwa wenyeji. Haiwezi kuwa limetoka kwao?

Msoma Nyaraka

Kijana wa Ifunda, wazo zuri ila halishiki. Wale walichukuliwa majumbani kwao mashariki ya Poland 1940 na 1941, wakapelekwa Urusi, Siberia na Kazakhstan, wakatoka kupitia Iran 1942, ndipo wakaletwa Afrika Mashariki: Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala. Watu waliopita njia hiyo walifika na vifurushi na nguo za msaada. Sanduku la kilo arobaini la tajiri wa Paris haliwezi kuwa limepita Siberia.

Mimi namtazama Bwana Mrefu. Wajerumani walifukuzwa baada ya vita ya kwanza, wakaruhusiwa kurudi Tanganyika 1925, na wengi wakaja nyanda za juu, Iringa na Mufindi, kulima. Waingereza nao walikuwepo, na Wagiriki wa tumbaku. Vita ya pili ilipotangazwa Septemba 1939, Wajerumani walikamatwa na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za maadui. Kama Bwana Mrefu alikuwa Mjerumani, kuna siku moja aliondoka nyumbani kwake bila kupanga.

Jina la utani ndilo linalotukwamisha. Kila shamba lilikuwa na Bwana Mrefu wake, na hakuna daftari la serikali lililoandika hivyo.

Hakimu wa Mtaa

Samahani kama nitawaudhi. Mtu alikamatwa, nyumba ikabaki wazi, na sanduku lake liko kijijini kwa mfanyakazi. Tunajuaje kuwa halikuchukuliwa tu? Nauliza kwa heshima. Kama tunatafuta ukweli tuutafute wote.

Mjukuu wa Igowole

Hakimu, hujaniudhi. Swali hilo nilikuwa naliogopa na nilitaka mtu mwingine aliseme.

Nimerudi Mufindi Jumamosi. Kitakoni, Mama wa Mwanjelwa, kuna mikwaruzo miwili inayokingama, moja kila upande, imeingia mpaka kwenye mbao. Nilipitisha kidole humo nikanyamaza.

Halafu nikainua trei. Chini yake kumebandikwa karatasi kwa uji, na karatasi zenyewe ni gazeti. Kiswahili! Ni Mambo Leo. Panya wamekula sehemu kubwa ila mwaka unasomeka: 1938. Wakuu, 1938 ni kabla ya vita. Maana yake sanduku lilikuwa tayari mikononi mwa msomaji wa Kiswahili kabla Bwana Mrefu hajakamatwa. Halikuchukuliwa.

Msoma Nyaraka

Kaka, najua unavyotamani iwe hivyo, hata mimi natamani. Lakini gazeti halisemi hivyo. Gazeti la 1938 linatuambia kwamba halikubandikwa kabla ya 1938. Linaweza kubandikwa 1945, mtu akitumia magazeti aliyoyahifadhi. Mambo Leo lilianza 1923, lilikuwa la serikali, na watu waliokuwa wanajua kusoma walilitunza miaka mingi. Kwa hiyo tumejua kuwa aliyebandika alikuwa na gazeti la Kiswahili nyumbani, yaani pengine alikuwa msomaji. Babu yako alijua kusoma?

Mjukuu wa Igowole

Hapana. Babu alikuwa anaweka dole gumba.

Msoma Nyaraka

Basi nani alibandika? Na nani aliandika jina? Umemuuliza bibi?

Mjukuu wa Igowole

Naandika usiku, nimetoka kwa bibi leo. Naomba mnisome taratibu.

Sikuwahi kumuuliza swali lenyewe. Nilikuwa namuuliza "bibi, sanduku la babu alilipata wapi?" na yeye alikuwa anajibu "sijui ya babu yako". Nilidhani amesahau. Ana umri wa miaka themanini na kitu, nikasema ni uzee.

Leo nilikaa naye kuchambua maharage na nikauliza tofauti. Nikamwambia, bibi, sanduku hili ni la nani? Akaniangalia kama mtu aliyesubiri sana. Akasema, "Ni langu."

Jina lililoandikwa ubavuni si la babu. Ni la baba yake bibi. Sisi wote tulilisoma kama jina la ukoo wetu kwa sababu linafanana, herufi mbili za mwisho ndizo tofauti na rangi imepauka hapo. Baba yake bibi alisoma kwa wamisionari Tosamaganga, akawa mpishi wa Bwana Mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma Mambo Leo. Ndiye aliyebandika.

Bwana Mrefu alikuwa Mjerumani. Askari walimfuata asubuhi, akapewa muda wa kuchukua begi moja. Mke wake alibaki siku chache, naye akachukuliwa. Mshahara wa mpishi ulikuwa haujalipwa tangu kabla ya mavuno ya mahindi. Yule mama alimwita, akatoa nguo zake ndani ya sanduku, akazifunga kwenye shuka, akamwambia pesa sina, chukua hili badala yake. Akampa na ufunguo. Baba yake bibi alilibeba na ndugu zake watatu kwa mti, kutwa nzima, mvua inanyesha. Ile mikwaruzo ni yao.

Bibi alipoolewa, baba yake alilijaza: mablanketi mawili, sufuria, kaniki na kitenge. Akaja nalo kwa babu. Kwa hiyo halikuwahi kuwa la babu hata siku moja.

Nikamuuliza ufunguo uko wapi. Akafungua pindo la khanga, lile fundo ambalo tangu utoto nilijua ni la hela ya chumvi. Ufunguo mdogo wa shaba, umelainika kwa kushikwa. Namba yake na namba ya kitasa ni ile ile. Nimezisoma mara tatu.

Hakimu wa Mtaa

Mwizi wa nyumba iliyoachwa angevunja kitasa. Kitasa chako ni kizima na ufunguo umekaa mikononi mwa watu wale wale zaidi ya miaka themanini. Mimi nimeridhika. Mpe bibi shikamoo yangu na umwombe radhi kwa niaba yangu.

Dalali Mstaafu

Na hapo mirathi imekwisha. Mali aliyokuja nayo mke haiingii kwenye urithi wa mume. Baba zako wadogo hawana cha kugawana. Waambie kwa upole, lakini waambie.

Msoma Nyaraka

Kaka, nimesoma mara mbili. Naomba ufanye mambo matatu kabla hujarudi mjini. Mrekodi bibi kwa simu, sauti yake, kwa Kihehe kama ndicho anachokisemea vizuri, usimkatishe. Piga picha kila upande, na rula ikiwa kwenye picha. Andika majina ya wale ndugu watatu waliobeba. Ukipata nafasi pita Iringa mjini kwenye makumbusho ya mkoa yaliyo ndani ya boma la zamani la Mjerumani, uwaonyeshe picha, wakushauri namna ya kutunza.

Sasa tuna njia ya kumtafuta M. R. Unajua ni Mjerumani, alikuwa na mke, alikamatwa 1939 akiwa Mufindi. Mali za maadui zilikuwa zinatangazwa kwenye gazeti la serikali la Tanganyika. Nikienda kwenye Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa nitatafuta. Ila kumbuka, M. R. huenda si Bwana Mrefu mwenyewe. Inaweza kuwa jina la mkewe kabla hajaolewa. Ni yeye aliyekuwa na ufunguo.

Mjukuu wa Igowole

Hilo la mke sikuliwaza kabisa. Nilimsomea bibi. Akasema inawezekana, kwa sababu baba yake kila alipolitaja alisema "sanduku la Mama", sisi ndio tuliokuja kuita la Bwana.

Majina ya waliobeba nimeyapata. Wawili bibi aliwakumbuka pale pale, wa tatu tulimpata baada ya kumpigia simu shangazi aliyeko Makambako.

Dalali amepiga tena leo mchana. Simu aliipokea bibi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Mwanangu, unataka kufuta jina la baba yangu?" Yule bwana akakata.

Sanduku tumelitoa jikoni, liko chumbani kwa bibi juu ya matofali manne. Ameniomba nitafute gazeti safi niweke chini ya trei juu ya lile la zamani, maana wiki ijayo anarudisha mablanketi, baridi imeanza.

Seremala wa Mashine Tatu

Gazeti lisiwe jipya sana mkuu, wino wake unatoka na kuchafua. Weka kitambaa cha pamba, amerikani nyeupe isiyo na rangi, uifue kwanza mara mbili. Mita mbili zinatosha.